Kabla ndege haijakamatwa

Agosti 2019 nilikuwa kwenye daladala natoka Mbagala naenda Kariakoo, foleni ya kwa Aziz Ali imeganda kama kawaida yake, mara simu za watu zikaanza kulia meseji za wasapu moja baada ya nyingine. Ndege yetu ya Air Tanzania imezuiwa Johannesburg. Airbus A220-300, mpya kabisa, mahakama ya Gauteng imesema isiruke. Ndani ya dakika tano gari zima linabishana, huyu anasema mabeberu hao, yule anasema kuna wenzetu wametuuza, konda naye kaacha kudai nauli anachangia mada. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa akauliza swali moja tu, "Kwani huyo mzungu tunamdai au anatudai?" Hakuna aliyemjibu.

Jibu nilikuwa nalo, nikakaa kimya mpaka nikashuka. Lile swali sijalisahau hadi leo.

Anatudai, mama. Huyo mzungu aliyeomba ndege izuiwe alikuwa mkulima, mali zake huku zilitaifishwa miaka ya 80, usuluhishi ukafika mwisho 2010 akapewa dola milioni 36, akalipwa sehemu, iliyobaki ikaendelea kula riba mpaka akaona bora afuate mali ya serikali popote itakapotua. Ndege iliachiwa tarehe 4 Septemba, tukashangilia, Novemba mwaka uleule ikazuiwa nyingine Canada kwa deni hilohilo. Na 2017 ilikuwa imeshazuiwa Bombardier Q400 hukohuko Canada kwa deni la kampuni ya ujenzi, dola milioni 38 hivi. Mwishoni mwa 2022 ikaja zamu ya Uholanzi, safari hii ni Waswidi wa ule mradi wa sukari Bagamoyo waliokuwa wameshinda tuzo ya dola milioni 165 hivi mwezi wa nne mwaka huo.

Kila mara tunafanya vilevile. Ndege inakamatwa, mtandao unawaka wiki mbili, ndege inarudi, tunaipokea kwa ngoma, basi. Kile kilichosababisha hakuna anayekisoma. Mimi ni wakili, ofisi yangu ni chumba kimoja ghorofa ya tatu hapo Kariakoo, kesi zangu nyingi ni za mikataba ya kawaida tu ya watu wa kawaida, lakini tangu siku ile ya daladala nimekuwa nazisoma hizi tuzo usiku nikishamaliza kazi, nyingine zina kurasa mia tatu na zaidi, na kitu kimoja kimenikaa kichwani: ndege inakamatwa mwaka huu lakini kesi tulishaipoteza miaka mingi nyuma, siku ambayo mtu fulani alisaini karatasi au alitangaza jambo mbele ya kamera bila kumuuliza mwanasheria aliyekaa chumba cha pili.

Niseme kidogo huu usuluhishi ni nini maana hata neno lenyewe linapoteza watu. Watu wakisikia usuluhishi wanafikiria wazee wamekaa kwenye mkeka wanapatanisha mke na mume. Huu siyo huo. Hii ni kesi kamili, ina mashahidi, ina vielelezo, ina mawakili wanaolipwa kwa saa, ila haisikilizwi na jaji wa nchi yoyote. Kila upande unachagua msuluhishi wake, anapatikana wa tatu anakuwa mwenyekiti, wakimaliza wanatoa uamuzi unaoitwa tuzo, na hapo tena neno linachanganya, kuna mteja aliwahi kuniuliza kama tuzo ni ile ya kupewa ngao na bahasha. Tuzo ni hukumu. Tofauti yake na hukumu ya Kisutu ni kwamba inasafiri. Kuna mkataba wa New York wa 1958, sisi tumeingia tangu 1964, nchi zaidi ya 170 zimo, na kila moja imeahidi kuitambua tuzo iliyotolewa kwingine. Alafu kuna ICSID pale Washington, chini ya Benki ya Dunia, kwa ajili ya mwekezaji anayeishtaki nchi, huko tumo tangu 1992. Kwa hiyo mtu akishinda, dunia nzima ni sehemu ya kukazia hukumu, yani kukamata mali ya aliyeshindwa. Ndege ni rahisi kwa sababu ina jina letu ubavuni na inatua yenyewe.

Kesi iliyonifundisha mimi ni ya maji, na hii nina sababu ya kuizungumza kwa uchungu. 2003 mpaka 2005 nilikuwa naishi kwa shangazi Tabata, nipo shule ya msingi. Bomba lilikuwepo uani, limefungwa kitambaa mdomoni, na kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kufungua kile kitambaa nisikilize kama linapumua. Bomba likipumua, yani likitoa upepo wa kukohoa, unajua maji yanakuja baada ya nusu saa, unaamsha nyumba nzima, madumu yanapangwa foleni. Lisipopumua ni mkokoteni, dumu la lita ishirini bei ya muuzaji. Bili ya maji ilikuwa inakuja hata mwezi ambao bomba halijapumua hata siku moja, na shangazi alikuwa anaibandika ukutani na msumari pembeni ya kalenda.

Kampuni iliyokuwa na kazi hiyo ni City Water, wenye hisa nyingi ni ubia wa Waingereza na Wajerumani, Biwater na Gauff. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, mradi wenyewe una mikopo ya Benki ya Dunia na wenzake. Haikufika miaka miwili. Mei 2005 waziri wa maji wa wakati ule, Edward Lowassa, akasimama mbele ya waandishi akatangaza mkataba umevunjwa, na tarehe 1 Juni serikali ikaingia kwenye ofisi, ikachukua mitambo, wakubwa watatu wa kampuni wakapandishwa ndege siku hiyohiyo wakaondolewa nchini. Mtaani kwetu tulishangilia, shangazi aliing'oa ile bili ukutani.

Biwater Gauff wakaenda ICSID. Tuzo ikatoka Julai 2008 na nilipoisoma nikiwa mtu mzima nilirudia ile sehemu mara tatu. Wasuluhishi walisema Tanzania imevunja mkataba wake wa kulinda wawekezaji na Uingereza, ndiyo, kwa namna ilivyotangaza, ilivyoingia kwa nguvu, ilivyowafukuza wale watu. Na fidia? Sifuri. Hata dola moja. Kwa sababu ile kampuni ilikuwa imeshakufa kibiashara kabla waziri hajafungua mdomo, ilikuwa haina thamani ya kulipwa. Na kwenye kesi nyingine tofauti, iliyoendeshwa kwa kanuni za UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, City Water ndiyo ikaamriwa iilipe DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kama paundi milioni 3.

Ona sasa. Sababu ya kuvunja mkataba ilikuwepo, utaratibu wa kuuvunja uliandikwa kwenye mkataba wenyewe, ilikuwa inahitajika subira tu, barua zifuatane, notisi ziishe muda wake. Tulikuwa na haki, tukaivuruga kwa haraka ya siku chache, na kilichotuokoa ni kwamba mwenzetu alikuwa na hali mbaya kuliko sisi. Siku mwekezaji akiwa na kitu chenye thamani kweli, haraka ileile inalipiwa.

Na ililipiwa. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Tarehe 10 Januari 2018 zilitangazwa kanuni mpya za madini. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichofuta leseni zote za kuhodhi maeneo. Leseni ya kuhodhi ni ile anayopewa mtu aliyetafiti akapata madini lakini bei ya soko haijamruhusu kuanza kuchimba, anaomba ashikiliwe eneo lake. Ukiniuliza mimi zilikuwa zinatumika vibaya, mtu anakaa na mlima miaka kumi anauza hisa zake Toronto au Sydney wakati mwanakijiji haruhusiwi hata kuchimba kokoto pale, kwa hiyo hasira iliyoleta mabadiliko ya sheria 2017 naielewa na sehemu yake niliishangilia. Ila zilifutwa zote kwa mkupuo, wenye nazo hawakupewa leseni mbadala yenye uhakika, na Desemba 2019 maeneo yakatangazwa kwa zabuni.

Watatu wakaenda ICSID. Indiana Resources na wenzao wa mradi wa nikeli Ntaka Hill, Nachingwea, kwa kupitia mkataba wa Uingereza. Winshear wa dhahabu kule kusini magharibi, na Montero wa madini adimu ya Wigu Hill, Morogoro, hao kwa mkataba wetu na Canada. Julai 2023 Ntaka Hill wakashinda, dola milioni 109 na ushee ukijumlisha riba, tukaomba tuzo ibatilishwe, mwisho Julai 2024 tukakubaliana kulipa milioni 90. Winshear walishamalizana na serikali Oktoba 2023 kwa milioni 30. Montero Novemba 2024 kwa milioni 27.

Jumlisha mwenyewe. Dola milioni 147 kwa kifungu kimoja cha kanuni. Nilichukua kalamu nikaiandika ile namba kwenye karatasi nikaibandika ofisini, kwa msumari, kama shangazi.

Kuna watu watasema basi tuwe tunawaachia wawekezaji kila kitu tusiguse. Hapana, sisemi hivyo. Nchi ina haki ya kubadilisha sheria zake na hata hao wasuluhishi wanakubali hivyo. Jirani zetu Kenya walifuta leseni ya Cortec ya Mrima Hill kule Kwale, wakashtakiwa hukohuko ICSID, na Oktoba 2018 Kenya ikashinda, kwa sababu ilionyesha kwamba leseni yenyewe ilipatikana bila kufuata sheria za mazingira na za hifadhi ya ule msitu, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kulinda. Ule mlima una misitu ya kaya, yani misitu mitakatifu, watu wanaabudu pale. Unaona tofauti? Kenya walikwenda na faili. Walikuwa na sababu inayohusu leseni ile moja, wakaithibitisha. Sisi tulifuta za wote bila kutazama nani kakosa nini.

Sasa kuna jambo ambalo miaka ile ya City Water halikuwepo kwa ukubwa huu, na nadhani ndilo limebadilisha mchezo kuliko jingine lolote. Zamani kampuni ndogo ikinyang'anywa leseni ilikuwa inalia inaondoka, maana kuendesha kesi ICSID kunahitaji mamilioni ya dola na kampuni ya utafiti wa madini ambayo imeshapoteza mgodi wake hela hiyo inaitoa wapi. Siku hizi kuna wafadhili wa kesi. Ni kampuni ambazo biashara yao ni hiyo, wanasoma faili lako, wakiona lina nguvu wanakulipia mawakili wote, ukishindwa hawakudai kitu, ukishinda wanachukua fungu lao. Ile kesi ya Ntaka Hill ilifadhiliwa na Litigation Capital Management ya Australia, zaidi ya dola milioni 4. Kwa hiyo aliyekaa upande wa pili wa meza siyo tena mchimbaji aliyechoka anayetaka yaishe, ni mtu wa hesabu ambaye kesi yetu ni bidhaa kwake na anaweza kusubiri miaka mitano bila kukosa usingizi.

Mi siwachukii hawa wafadhili, nieleweke. Mtu mnyonge mwenye haki naye anahitaji hela ya wakili, na Nigeria 2023 kwenye sheria yao mpya ya usuluhishi wameruhusu ufadhili waziwazi. Kinachonisumbua ni giza. ICSID imebadilisha kanuni zake, kuanzia Julai 2022 aliyefadhiliwa lazima amtaje mfadhili wake, na hiyo ni hatua. Ila serikali ikishinda, je, gharama zake inamdai nani? Mdai ni kampuni isiyo na kitu, na mfadhili hakuwa mhusika kwenye kesi. Mfano mbaya kuliko yote ni wa Malaysia. Watu waliojitambulisha kuwa warithi wa Sultani wa Sulu walifufua makubaliano ya mwaka 1878 ya ardhi ambayo sasa ni sehemu ya Malaysia, Malaysia ilikuwa inawalipa ringgit 5,300, hela ya kwao, kwa mwaka mpaka 2013 malipo yaliposimamishwa, wakapata mfadhili, na Februari 2022 msuluhishi mmoja peke yake akawapa karibu dola bilioni 15. Bilioni. Mahakama za Hispania zilikuwa zimeshamwambia asiendelee akahamishia kesi Paris. Ile tuzo mahakama za Ufaransa zimekuja kuifuta, na yeye mwenyewe akatiwa hatiani Hispania kwa kukaidi amri ya mahakama. Lakini Malaysia ilishapita miaka ya kukimbizana na watu waliokuwa wanatafuta mali zake za kukamata Ulaya.

Na ya Nigeria ndiyo ninayowasimulia mawakili wadogo wanaokuja kujifunza ofisini kwangu. 2010 serikali ya Nigeria ilisaini mkataba wa gesi na kampuni inaitwa P&ID, mkataba wa kurasa ishirini hivi, mradi wa mabilioni. Kiwanda hakikujengwa hata tofali moja. P&ID wakaenda kwenye usuluhishi, wakashinda dola bilioni 6.6 mwaka 2017, na riba ikaipandisha mpaka 11. Oktoba 2023 jaji wa Mahakama Kuu ya London, Robin Knowles, akaifuta, kwa sababu iligundulika kulikuwa na rushwa wakati wa kuingia mkataba, kulikuwa na ushahidi wa uongo, na P&ID walikuwa na nyaraka za siri za mawakili wa Nigeria kesi ikiendelea. Fikiria unacheza bao na mtu ambaye anasoma mawazo yako kabla hujashika kete. Jaji alikwenda mbali zaidi akauliza kama utaratibu huu wa faragha unafaa kwa kesi zenye hela ya umma nyingi kiasi kile, ambapo wananchi na waandishi hawaoni kinachoendelea na wasuluhishi wanatazama upande mmoja unajitetea vibaya bila kusema neno.

Hiyo hoja ya faragha sisi tuliigusa mapema, na watu wengi hawajui. Kwenye kesi ileile ya maji, mashirika ya hapa nyumbani, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TGNP na LEAT, pamoja na wenzao wa nje, waliomba waruhusiwe kusema kitu kwa niaba ya watumia maji. Februari 2007 wakaruhusiwa kuandika maoni yao, ukumbini hawakuruhusiwa kuingia. Ilikuwa kati ya mara za mwanzo kabisa ICSID kuruhusu hivyo. Kwa hiyo watu wa Dar es Salaam wamo kwenye historia ya kuufungua huu mlango, na mimi kama mtoto aliyekuwa anasikiliza bomba najivunia hilo.

Kuhusu akili bandia nitasema kidogo kwa sababu mambo bado mabichi. Mawakili wanaitumia kupanga nyaraka, sawa, hata mimi naitumia kutafuta neno kwenye kurasa elfu. Ila Aprili 2025 kuna mtu alifungua maombi California akitaka tuzo ifutwe, anadai msuluhishi alitumia ChatGPT kuandika uamuzi, na kwamba aliwaambia alikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya safari. Ni madai, mahakama ndiyo yenye neno. Mi nawaza tu ile mashine ikiulizwa kuhusu bei ya maji Tabata mwaka 2004 itasoma wapi, wakati karibu kila kilichoandikwa kuhusu ile kesi kimeandikwa na watu ambao hawakuwahi kubeba dumu.

Na lugha. Tangu 2021 sheria yetu inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Lakini kesi zilizogharimu mamilioni yote haya zinaendeshwa kwa Kiingereza, tuzo ni za Kiingereza, na sijaona hata moja iliyotafsiriwa kamili tukawekewa tusome. Yule mama wa dagaa analipa, ana haki ya kusoma.

Serikali yenyewe imekuwa inayumba kwenye hili, niseme ukweli. 2017 tukatunga sheria kwamba migogoro ya maliasili isiende nje, iamuliwe na vyombo vya hapa kwa sheria za hapa. Vizuri, ila mikataba ya kulinda wawekezaji tuliyosaini miaka ya nyuma haikufutika kwa sheria ya ndani, ndiyo maana hawa wa leseni walipita mlango ule. Wa Uholanzi tukauvunja, ukaisha Aprili 2019, nao una kifungu kinachoendelea kuwalinda waliokwishawekeza kwa miaka 15. 2020 tukapata sheria mpya ya usuluhishi, ikaondoa ile ya mkoloni ya 1931, ikaleta na kituo chetu. 2023 tukailegeza ile ya ubia na sekta binafsi, usuluhishi wa nje ukaruhusiwa tena. Na mwaka huohuo wa 2023 nchi nzima ilikuwa inabishana bandari, mkataba wa Tanzania na Dubai, watu wametukanana mpaka ndugu hawasalimiani, lakini niliowauliza wangapi walikuwa wamesoma ibara ya 20? Pale ndipo palipoandikwa kwamba mgogoro ukitokea makao ya usuluhishi ni Johannesburg. Ukisoma mkataba wowote anza na ukurasa huo. Makao ndiyo yanasema mahakama za nchi gani zitakuwa na neno juu ya ile tuzo, na ukitaka kuifuta utakwenda kulia kwa nani.

Nairobi wana kituo chao kwa sheria ya 2013, Kigali wana chao tangu 2012 na hao wa Kigali wanafanya kazi kweli, nimeona mikataba ya watu wa hapa Dar inaandikwa Kigali. Siyo mbaya. Kigali unafika na kurudi bila kuuza kiwanja.

Nasema kuuza kiwanja kwa sababu ya mzee mmoja. Alikuja ofisini kwangu na faili la plastiki la bluu, kofia mkononi, nikamwamkia akaniitikia marahaba mwanangu, akakaa. Anauza kokoto. Alikuwa amemsambazia mkandarasi mmoja kutoka nje tripu za kokoto kwa miezi saba, anadai shilingi milioni 86, hawamlipi. Nikafungua mkataba nikaenda moja kwa moja ukurasa ule wa nyuma. Usuluhishi, makao London, wasuluhishi watatu, lugha Kiingereza. Kokoto za Lugoba.

Nikamweleza taratibu. Kwamba akienda mahakamani hapa wenzake watasema hapana, tulikubaliana usuluhishi, na mahakama itasimamisha kesi yake kwa sababu ndivyo sheria inavyosema. Kwamba London atatakiwa kuweka amana kwa ajili ya ada za wale watatu kabla hajasema neno. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hilo karatasi nililisaini juu ya boneti la gari, injini inanguruma." Hakuna mfadhili wa Australia anayefadhili kesi ya kokoto. Tuliandika barua nne, wakampa milioni 31, akachukua kwa sababu madereva wake walikuwa wanamdai.

Mwaka jana akarudi, faili lilelile la bluu. Kapata kazi kwa mkandarasi mwingine, safari hii kaja kabla hajasaini. Tulikaa kutwa nzima tukaandika kifungu chetu, makao Dar es Salaam, msuluhishi mmoja, lugha Kiswahili, madai ya chini ya milioni mia yaishe ndani ya siku tisini kwa nyaraka tu. Tukatuma saa nane mchana. Saa kumi na moja jioni mwanasheria wao akajibu, Dar wamekubali, msuluhishi mmoja wamekubali, siku tisini wameweka mia na ishirini, na Kiswahili wamekipiga mstari mwekundu.

Mzee akauliza asaini au asisaini. Nikamwambia asubiri, nikavuta kompyuta nikaandika tena, lugha Kiswahili na Kiingereza, shahidi aseme kwa lugha anayoitaka na gharama ya mkalimani iwe juu ya kampuni. Wakajibu kesho yake asubuhi wamekubali. Akasaini mezani, amekaa, kalamu ya kwangu, alafu akaomba nakala mbili, moja ya kwake na moja ya mwanawe anayesoma Mzumbe.